Shemeji Ameagiza Karanga

Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu wanne na cheo cha mweka hazina katika chama chetu cha kufa na kuzikana, niliamshwa juzi alfajiri na simu ya shemeji yangu anayeishi Dar es Salaam, ambaye hakuuliza habari za mvua wala za mifugo, bali alisema, "Shemeji, wewe si upo Kongwa? Hebu nitumie karanga gunia moja, huko kwenu si ndiko zinakotoka!" Kisha akakata. Hakutaja fedha, na mtu anayeagiza gunia bila kutaja fedha tunamfahamu sote.

Ningependa kulieleza jambo hili kwa utulivu unaolingana na umri wangu. Ni kweli kwamba mji wetu mdogo, uliojikunja chini ya vilima mashariki ya Dodoma, unajulikana duniani kwa karanga, lakini unajulikana kama anavyojulikana bwana harusi ambaye bibi harusi hakutokea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ambayo raia wake bado walikuwa wakipimiwa mafuta ya kula kwa kadi baada ya vita, ilianza mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za pori la Tanganyika ili zipandwe karanga, karanga zikamuliwe mafuta, na mafuta yawe majarini ya kupakwa kwenye mkate wa watu wa London. Wazo hilo lilipelekwa serikalini na Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, iliyokuwa kampuni tanzu ya Unilever, na wataalamu waliotumwa kulichunguza walilipenda kupita kiasi. Pa kuanzia pakachaguliwa hapa kwetu, mahali ambapo hata bibi yangu, aliyekuwa hajui kusoma, angewaambia kwamba mvua huja msimu mmoja tu, tena ikijisikia.

Walileta matrekta chakavu yaliyobaki vitani. Yaliposhindwa na vichaka vyetu, wakaleta vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kubatizwa jina la Shervick, kana kwamba pori la Wagogo lilikuwa limetangaza vita. Mibuyu ikagoma kung'oka. Mmoja wa mibuyu hiyo ulikuwa na chumba cha mahabusu ndani ya shina lake, mwingine ulikuwa mahali pa matambiko, na mingi ilikuwa na nyuki, ambao hawakuwa wamepata taarifa yoyote kuhusu mahitaji ya majarini mjini London. Udongo nao, ambao wakati wa mvua ni kama uji, wakati wa kiangazi ulikauka ukawa saruji, hata karanga chache zilizokubali kuota hazikutoka ardhini. Mwaka 1951 wakafunga kazi, wakiwa wameteketeza pauni milioni 36 hivi, na hata reli ya tawi waliyoijenga kuja kwetu ikang'olewa baadaye, ikaondoka zake.

Sasa mtu anieleze: ikiwa dola lenye vifaru lilishindwa kupata karanga Kongwa, mimi mwenye baiskeli isiyo na breki ya nyuma nitaanzia wapi?

Hata hivyo shemeji ni shemeji. Nilivaa koti langu la vikao, nikachukua kopo tupu la majarini la kupimia, kwa sababu kopo la wauzaji nalifahamu, nikaenda mnadani. Njiani upepo wa Septemba ulinijaza vumbi katika tundu zote nilizojaliwa na Muumba. Kijana wa bodaboda aliniuliza kama ninakwenda msibani. Mwenyekiti wa harusi ya mtoto wa jirani, aliyenisimamisha kwa tabasamu, alinikumbusha kuhusu mchango.

Karanga zilikuwapo. Mama mmoja alizimwaga juu ya turubai, nyekundu, zimechambuliwa vizuri, akazizunguka kwa macho kama askari. Nikamwamkia kwa heshima, "Mbukwenyi," naye akaitikia, akalitazama kopo langu kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Hilo la nini, baba?"

"La kupimia."

"La kupimia nini?"

"Karanga, mama. Unanipimia kwa hili, nakulipa bei yako ya kopo."

Mama yule alicheka, akamwita mwenzake wa vitunguu aje aone. Yule wa vitunguu akamwita wa dagaa. Katika muda usiozidi dakika mbili nilikuwa nimezungukwa na watu wapatao kumi na watano waliokuwa wakilitazama kopo langu, na wengi wao wananifahamu kwa sababu nimewahi kuwadai michango ya misiba. Mama akanyanyua kopo lake, ambalo kwa nje lilikuwa sawasawa na langu, lakini kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa jiwe hadi kikaingia ndani karibu nusu. Hilo si kopo, hilo ni sahani iliyosimama. Nilimweleza kwa lugha ya staha kwamba chombo kilichobonyea hakiwezi kuitwa kipimo.

"Mbona la kwako limevimba?" akauliza.

"Halijavimba, ndivyo lilivyotoka kiwandani."

"Na hili langu ndivyo lilivyotoka nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Nikasema kwamba mimi ni mweka hazina na ninajua hesabu. Sauti moja nyuma ikauliza kama hesabu za rambirambi za mwaka jana nazo zilipimwa kwa kopo hilo, na hapo nakiri kwamba utulivu wangu ulipata ufa. Nilisema kwa sauti, nadhani kubwa kidogo, kwamba mimi ni mzaliwa wa mji huu, mji uliotajwa katika bunge la Uingereza, na siwezi kuuziwa nusu kopo kwa bei ya kopo zima katika makao makuu ya karanga ya ulimwengu.

"Makao makuu?" akasema mama. "Baba, hizi nimezifuata Kibaigwa. Zilikotoka kabla ya hapo, muulize dereva wa lori."

Sikuwa na jibu. Babu mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akiuza ugoro ndiye aliyeniokoa, au niseme alinizamisha kwa njia nyingine, kwani alianza kuwaeleza watu kwamba karanga si jambo la kujivunia hata kidogo. Alisema yeye alikuwa kijana wakati wapigania uhuru walipopiga kambi hapa miaka ya sitini, na akawataja: FRELIMO ya Msumbiji, waliokuwa na Samora Machel, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Marais na majenerali wa kesho wamekunywa maji yetu haya ya chumvi, akasema, wamekula ugali wa uwele na mlenda, wakaenda wakakomboa nchi zao, lakini nyinyi mkipigiwa simu kutoka mjini mnaulizwa karanga.

Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu ni kweli. Hakuna shemeji hata mmoja aliyewahi kunipigia simu alfajiri kusema, "Wewe si upo Kongwa, hebu nieleze habari za ukombozi." Hata ng'ombe wa ranchi, ambayo ilibaki baada ya karanga kushindwa na ambayo angalau inafanana na nchi yetu, hawaulizwi. Na lile jina lenyewe la Kongwa, ambalo kwa Kiswahili ni ule mti wenye panda waliofungwa nao watumwa shingoni, nimeanza kulielewa tangu nilipooa katika ukoo ule.

Nilimwambia babu ahsante. Akaniambia ugoro ni mia tano.

Mwishowe tulifikia mapatano, mimi na mama, ambayo siyaoni kuwa ushindi: angepima kwa kopo lake, lakini kila makopo matano angeongeza konzi moja, konzi hiyo iwe ya kwake na si ya mtoto wake wa miaka sita aliyekuwa akiisogeza mikono yake midogo kwa hamu. Fedha nilizokuwa nazo, ambazo ni zangu na wala si za chama, zilitosha makopo kumi. Gunia la shemeji likawa mfuko wa rambo. Nilipofika nyumbani nikayamimina katika kopo langu halali, na yale makopo kumi yakawa sita na kitu.

Ilibaki kuyasafirisha. Kondakta wa basi aliupima mfuko kwa kuunyanyua kwa kidole kimoja, akataja nauli ya mzigo inayozidi bei ya karanga zenyewe, nilipolalamika akasema karanga zinachukua nafasi ya abiria. Nikamuuliza abiria gani anayekaa katika nafasi ya mfuko wa rambo. Akasema wapo.

Nikarudi nao. Kumpigia shemeji ilibidi nipande kile kichuguu nyuma ya choo, mahali pekee penye mtandao kwangu, nikiwa nimeshika simu mkono mmoja na mfuko mkono mwingine kwa sababu mbuzi wa jirani alikuwa chini akinisubiri. Shemeji alipokea akiwa na furaha. Alisema asante sana, lakini karanga amekwisha zipata Kariakoo, tena kwa bei nzuri, na muuzaji amemwapia kwamba ni za Kongwa. Akauliza kama ubuyu nao unapatikana huku.

Huyo mbuzi nimekwisha msema mara tatu kwa mwenyewe. Alikula daftari la michango mwezi Julai, na ndiyo sababu ya yale maneno ya rambirambi, jambo ambalo nitalieleza kwenye kikao cha Jumapili iwapo akidi itatimia, kwa maana kikao kilichopita tulikuwa watu watatu, na mmoja alikuwa amekuja kuazima toroli.