Mjini au Paje?

Jamani, mtoto akianza kushika pesa ana vituko. Binti yangu Salma, badala ya kunitilia kitu mkononi, ananiambia: "Baba, wewe na mama mmetimiza miaka 25 ya ndoa. Chagueni hoteli, siku mbili, nalipa mie. Ama ile ndefu ya Mji Mkongwe, ama ya pwani, Paje."

"Kwa nini usinipe hizo pesa?"

"Utanunua tairi za vespa."

Kweli ningenunua.

Haya, hiyo ya mjini nimeiona pichani. Ghorofa nne, vidato vya mbao vimesimama wima kama unapanda mnazi, na juu kabisa wametandika mazulia ukae unywe chai utazame mapaa. Sasa yakhe, mie nakaa Michenzani! Ghorofa ya nne, katika yale majumba tuliyojengewa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kupanda ndiyo kazi yangu, tena na ndoo mkononi, maana bomba letu kule juu hukohoa tu. Mabati ya watu nayatazama kila asubuhi nikipiga mswaki. Nikalipiwe nipande vidato vya mtu mwengine?

Na lililonikera zaidi, eti ukiwa juu pale unaiona Beit al Ajaib, lile jumba la maajabu. Sultani wetu Sayyid Barghash kaijenga 1883, ikaja ikatiwa umeme na lifti, babu yangu bado yumo shamba anaangua karafuu. Ubavu wake mmoja ukaja ukaporomoka Disemba 2020, na mie lifti ya nyumbani sijaionja bado.

Paje nako ndiko nilikozaliwa. Mwani ulipoanza kulimwa pale mwaka 1989 mama yangu alikuwemo, na mie nikimbebea kamba. Watu wa hoteli hawakwambii kuhusu bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi. Mgeni anaamka, anajifunga taulo, anatoka kwenda kuogelea, anakuta bahari imeshakwenda zake kule mwambani. Imebaki michanga, vigingi vya mwani, na kina shangazi wameinama. Mgeni anapiga picha. Mie je? Nitapita pale na taulo jeupe la hoteli begani, nisikie sauti ya shangazi: "Ewe Makame! Weka hicho kitambaa, njoo ufunge kamba!" Na nitakwenda. Mwenye ubavu wa kumkatalia shangazi simjui. Basi hizo ndizo siku mbili za mapumziko, mgongo umepinda, na chumba kimelipiwa.

Mama Salma muda wote huu anachambua mchele, kimya. Mwanamke wangu akinyamaza ujue keshaamua, anangoja mie nichoke.

Nikaona nipige simu Paje, angalau nijue bahari itakuwepo saa ngapi, nipange kujificha. Akapokea kijana, lafudhi ya bara, ana adabu.

"Mwanangu, hapo kwenu maji yanatoka saa ngapi?"

"Yanatoka saa zote mzee, usiku na mchana. Na ya moto pia."

Nikataka kumwelewesha kwamba nauliza ya baharini, mie. Lakini simu ilikuwa kwenye spika. Nilipogeuka ungo wa mchele uko peke yake, na Mama Salma yuko chumbani anashindilia kwenye begi nguo chafu za wiki mbili, na mapazia.