Leseni Imlinde Mwanafunzi, Si Kuta za Zahanati

Mwanafunzi anayepelekwa shule mbadala nchini Marekani mara nyingi hufika huko akiwa amesimamishwa masomo au kufukuzwa kwingine, na si ajabu chanzo kikawa bangi iliyokutwa kwenye mkoba wake. Kliniki iliyo mbali, inayofanya kazi saa zilezile za masomo na inayomlazimu mzazi kuomba ruhusa kazini, kijana huyu hataifika. Ndiyo maana naunga mkono matibabu ya uraibu kutolewa palepale anaposoma, ila kwa sharti kwamba huduma hiyo iwe na leseni.

Wapo wanaoiona leseni kuwa urasimu unaochelewesha msaada, wakiamini kwamba mwalimu mwenye huruma anatosha. Huruma ya mwalimu naiheshimu sana, lakini haimwambii kwamba kijana aliyezoea pombe kupita kiasi anaweza kupata degedege akiiacha ghafla, wala kwamba aliyekaa wiki kadhaa bila vidonge vya jamii ya afyuni anaweza kufa akirudia kipimo alichokizoea, kwa sababu mwili umekwisha kupoteza ustahimilivu wake. Buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa afyuni, imeidhinishwa nchini Marekani kwa wenye umri wa miaka 16 na kuendelea, maana yake wamo wanafunzi wa sekondari wanaostahili kuipata, iwapo tu kuna mtu shuleni anayejua nani apewe rufaa na kwa daktari yupi.

Hata hivyo, linalonigusa zaidi ni usiri. Mnasihi anamuuliza mwanafunzi, "Mara ya mwisho ulitumia lini?" Kijana anautazama mlango, kwa kuwa nyuma yake ipo meza ya msimamizi wa nidhamu, kisha anajibu kwamba ni siku nyingi, ingawa ilikuwa jana usiku. Matibabu yaliyojengwa juu ya jibu hilo hayamsaidii yeyote.

Ukweli wa jibu lake unategemea karatasi anayoiandika mnasihi itakakokwenda. Ikiwa ni kumbukumbu ya shule tu, inaongozwa na sheria ya mwaka 1974 ya kumbukumbu za elimu, inayompa mzazi wa mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 haki ya kuisoma, na inayowaruhusu watumishi wa shule wenye sababu halali ya kielimu kuiona. Huduma inayotambulika kuwa matibabu ya uraibu na kupata msaada wa serikali ya shirikisho inabanwa na kanuni kali zaidi, zenye mizizi katika sheria za 1970 na 1972, ambazo kwa kawaida hudai ridhaa ya maandishi kabla ya taarifa kutolewa. Na pale sheria ya jimbo inapomruhusu kijana kutafuta matibabu mwenyewe, ridhaa hiyo ni yake. Kwa hiyo leseni iseme wazi kwamba jalada la mnasihi halichanganywi na la nidhamu, na kwamba kipimo cha mkojo kilichochukuliwa kwa ajili ya tiba hakitumiki kumfukuza mtu.

Kila jimbo lina utaratibu wake wa leseni, na sharti lililotungwa kwa ajili ya zahanati kamili, lenye kudai idadi ya vyumba na sehemu ya mapokezi, shule ndogo haiwezi kulitimiza. Hapo ningependa kipimo kiwe watu na kazi yao: mnasihi mwenye sifa, msimamizi wa kitabibu anayefikika, chumba ambacho sauti haivuki, na njia ya rufaa inayofanya kazi. Kituo chenye leseni kilicho nje ya shule kiruhusiwe kuipanua leseni yake hadi chumba hicho, bila kuilazimisha shule kujigeuza hospitali.

Sharti moja lisiachwe kamwe, nalo ni la likizo. Shule hufungwa kwa miezi kadhaa wakati wa kiangazi, na mwanafunzi aliyeanza kupata nafuu mwezi wa Mei hawezi kuambiwa asubiri muhula ujao. Anayeomba leseni aandike, kabla hajapewa, ni nani atakayemwona kijana huyo mwezi wa Julai, na wapi.