Mshambuliaji mrefu hazuiliwi angani

Kila timu ya ligi kuu ya mpira wa Australia, AFL, inapofungwa na mshambuliaji wa sentimita mia mbili na ushee, lawama humwangukia beki aliyekuwa karibu naye. Picha inarudiwa polepole kwenye televisheni: jamaa ameruka, mpira umetua viganjani mwake, na chini yake kuna beki aliyenyoosha mkono akaambulia hewa. Wachambuzi wanasema beki ni mfupi. Mashabiki wanadai anunuliwe mrefu. Mimi naona picha ile imekatwa vibaya. Irudishe nyuma sekunde nne umtazame aliyeupiga mpira huo. Je, alikuwa na nafasi ya kuinua kichwa na kuchagua, au alikuwa na mtu mgongoni? Mara nyingi goli limeanzia hapo, na beki ameletewa kesi iliyokwisha kuamuliwa.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, kila upande una watu 18 uwanjani. Uwanja ni wa mviringo na unaweza kufika mita 160 au zaidi kwa urefu. Hakuna kipa wala ofsaidi. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili za katikati kwa mguu wa mshambuliaji ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ya katikati na ya pembeni ni pointi 1. Mchezaji akidaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi, bila mtu mwingine kuugusa njiani, anapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Akiudaka mbele ya nguzo, ndani ya tao la mita 50, hilo ni goli nusu. Hapo ndipo urefu unapogeuka silaha.

Turudi kwenye hoja yangu. Septemba 2021 Port Adelaide ilicheza nyumbani dhidi ya Western Bulldogs, mshindi aende fainali kuu. Kwenye beki Port ilikuwa na Aliir Aliir, ambaye mwaka huo aliingia kwenye kikosi bora cha msimu, pamoja na nahodha Tom Jonas, mtu asiyejua kukata tamaa. Walifungwa 116 kwa 45. Tangu robo ya kwanza viungo wa Bulldogs waliutoa mpira katikati wakiwa huru, wakakimbia nao, wakapiga kwa utulivu, na wengine kama Bailey Smith wakafunga wenyewe. Beki gani wa kuzuia hiyo? Mpira unaopigwa na mtu aliyetulia hushuka mahali ambapo mshambuliaji anaufikia na beki haufikii. Hata ungempa Aliir ngazi asingeufikia.

Wiki mbili baadaye, katika fainali kuu iliyopelekwa Perth kwa sababu ya korona, Bulldogs hao hao waliongoza Melbourne kwa pointi 19 robo ya tatu ikiendelea. Kuanzia hapo hadi king'ora cha mwisho Melbourne ilifunga pointi 100 na kufungwa 7, mechi ikaisha 140 kwa 66. Melbourne ikachukua ubingwa wake wa kwanza tangu 1964. Steven May na Jake Lever, mabeki wake warefu, hawakuongezeka hata sentimita moja katika muda ule. Kilichobadilika ni katikati ya uwanja: Christian Petracca, Clayton Oliver na wenzao walianza kuutwaa kila mpira uliodundwa na mwamuzi kuanzisha mchezo, na Bulldogs walipoupata waliupiga wakiwa wanakabwa shingoni. Mpira wa namna hiyo hupanda juu, huelea, hukosa mwenyewe. May na Lever waliungoja wakiwa wamekwisha kujipanga.

Mtu anayetaka kujua kama timu inaweza kumzuia mshambuliaji mrefu aanze basi kwa viungo wake, na kwa washambuliaji wake wa mbele kabisa, wale wanaotakiwa kumsumbua beki mpinzani anapoanzisha mashambulizi. Richmond walioichapa Adelaide 108 kwa 60 katika fainali ya 2017 walikuwa na mshambuliaji mmoja tu mrefu wa kutegemewa, Jack Riewoldt, na mbele wakajaza watu wafupi wenye mbio wasiochoka kukaba. Alex Rance alivuna sifa huku nyuma, na alizistahili, lakini mipira mingi aliyoinyaka ilikuwa imeharibiwa na wafupi wale mita themanini kutoka alipokuwa.

Mwaka uliofuata Richmond hao hao, vinara wa ligi, walikutana na Mason Cox wa Collingwood hatua moja kabla ya fainali. Cox ni Mmarekani wa sentimita 211 aliyetoka kwenye mpira wa kikapu. Usiku ule alidaka karibu kila alichorushiwa, akafunga magoli 3, na Collingwood ikashinda 97 kwa 58. Rance alikuwepo. Kilichokosekana ni ile presha ya mbele iliyowapa ubingwa.

Sasa tuseme presha imeshindikana na mpira uko hewani. Kazi inakuwa ya mwili kabla ya kuwa ya mikono, na hapa napenda kumwangalia beki badala ya mpira. Mshambuliaji mrefu anahitaji vitu viwili: hatua za kukimbilia na ardhi ya kurukia. Beki anayejua kazi yake humnyima kimojawapo. Anafika kwanza pale mpira utakapoangukia, anajaza nyonga yake kwenye nyonga ya mwenzake, anamwegemea kidogo tu, na yule mtu wa sentimita 204 anajikuta anaruka kutoka mguu mmoja akiwa amepinda. Harry McKay wa Carlton, mfungaji bora wa 2021, ni hatari kubwa akipewa mbio. Akigandwa mapema anabaki mtu wa kawaida. Kuna kufuli lingine pia: mrefu anayependa kukimbia kumwelekea mpigaji huhitaji uwazi mbele yake, kwa hiyo beki mwingine au kiungo aliyerudi nyuma husimama katikati ya uwazi ule. Hafanyi lolote la kuonekana. Anasimama tu, na mpigaji anaghairi.

Mwamuzi anaangalia. Kumsukuma mtu mgongoni ni kosa, kumkata mikono inapokwenda kudaka ni kosa, na kumzuia kwa mwili bila kuutazama mpira ni kosa. Tangu 2007 hata kuweka viganja mgongoni mwa mpinzani mkigombea mpira wa juu kulikuwa kunaadhibiwa. Mwaka 2019 wakalegeza: unaweza kuweka mikono kulinda nafasi yako, mradi usisukume. Nadhani lilikuwa badiliko la haki kabisa. Beki mfupi bila mikono yake hana namna ya kujua mwenzake anaelekea wapi huku macho yake yakiwa juu.

Kisha inakuja ngumi. Mabeki wadogo hufundishwa kwamba mkiwa wawili na huna uhakika, usidake, upige mpira ngumi. Nakubaliana na hilo kwa moyo wote, na huniuma kuona vijana wa sasa wanavyotamani kudaka kila kitu ili waonekane kwenye vipande vya video. Ila ngumi nayo ina adabu yake. Ukiupiga mpira mbele ya nguzo umewapa chakula washambuliaji wafupi kama Charlie Cameron wa Brisbane, watu wanaoishi kwa kuokota mabaki. Ngumi inayofaa huelekea kwenye mstari wa pembeni. Mambo yakiwa mabaya kabisa, mpira usukumwe nyuma ya mstari wa goli, mpinzani apate pointi 1 badala ya 6. Hawthorn walitumia mlango huo mara 11 katika fainali ya 2008 dhidi ya Geelong, wakashinda 115 kwa 89, na msimu uliofuata sheria ikapiga marufuku kuutoa mpira hivyo makusudi bila kubanwa. Aliyebanwa bado anaruhusiwa, na asione haya kufanya hivyo.

Mabeki wanaonasa mipira ya wapinzani ndio wanaopendwa zaidi siku hizi, na naelewa kwa nini. Leo Barry wa Sydney, mtu asiyefika hata sentimita 190, aliruka juu ya msongamano sekunde za mwisho za fainali ya 2005 akaudaka mpira mrefu wa Dean Cox wa West Coast, Sydney ikashinda 58 kwa 54 na kumaliza ukame wa miaka 72. Jeremy McGovern wa West Coast aliunasa mpira wa Collingwood mwishoni mwa fainali ya 2018, timu yake ikiwa nyuma. Akampa Nathan Vardy, Vardy akampigia Liam Ryan, Ryan akampata Dom Sheed karibu na mstari wa pembeni, na Sheed akafunga kutoka kwenye pembe finyu kabisa. Mechi ikaisha 79 kwa 74. Mpira haukugusa ardhi njiani, na mnyororo wote ulianzia kwa beki aliyeamua kudaka badala ya kupiga ngumi.

Aliir naye ni wa kundi hilo, na kwetu Waswahili jina lake lina uzito wa pekee, kwani alizaliwa 1994 kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na wazazi waliotoka kusini mwa Sudan. Alifika Australia akiwa mtoto, akaanza kucheza ligi kuu na Sydney mwaka 2016, kisha akahamia Port. Mtazame wakati mpira bado uko upande ule wa uwanja. Hamwangalii mshambuliaji wake. Anaangalia bega la mpigaji, na mpigaji anapoinama tu, Aliir amekwisha kuondoka hatua tatu. Anapofika angani hana wa kugombana naye, kwa sababu wengine wote wangali wanausubiri mpira. Ni kipaji ambacho hakifundishiki kirahisi.

Lakini mshambuliaji wake amebaki na nani? Swali hili halipewi nafasi ya kutosha. Kila Aliir anayeruka ana mwenzake aliyebaki chini, ameshikamana na mshambuliaji mkubwa dakika zote, anakula viwiko, anamaliza mechi bila kugusa mpira zaidi ya mara chache. Mwaka 2021 Port walikuwa na Trent McKenzie na Tom Clurey kwa kazi hiyo. Sijaona bango lenye sura ya Clurey. Ningekuwa nachagua kikosi, ningemtafuta kwanza mtu wa aina hiyo, na mnasaji angekuja baadaye, kwa sababu mnasaji bila mkabaji ni mlango uliofunguliwa.

Makocha wapinzani wanalijua hilo. Wanamtuma mshambuliaji mmoja, si lazima awe mfungaji, akae mwilini mwa mnasaji popote aendapo, amtoe mbele ya nguzo, amlazimishe kukaba. Au wanawapanga washambuliaji wao wawili warefu mbali sana mmoja na mwingine, ili anayetaka kusaidia asiwahi. Sheria za miaka ya karibuni zimewaunga mkono. Tangu 2019, kila mwamuzi anapoanzisha mchezo katikati, lazima kila timu iwe na watu sita nyuma, sita katikati na sita mbele. Yule beki wa ziada aliyekuwa akijificha mbele ya mshambuliaji mrefu hawezi tena kuwepo pale mwanzo. Na tangu 2021 anayesimama mbele ya mpigaji haruhusiwi kusogea kushoto wala kulia, kwa hiyo mpigaji anaweza kubadili upande upesi, na safu nzima ya ulinzi inabidi isogee pamoja kabla mpira haujatua. Mtu mmoja akichelewa kusogea, huyo ndiye mrefu atakayemtafuta.

Western Bulldogs sasa wana Sam Darcy, sentimita 208, na pembeni yake Aaron Naughton anayeruka kuliko wote. Timu inayokwenda kucheza nao hushawishika kujaza warefu watatu au wanne nyuma. Ningekataa. Warefu wanne hawakimbizani na wafupi wa Bulldogs mpira ukianguka. Ningemweka mkabaji mmoja mzito kwa Darcy, asimwachie hata pumzi, mwenye mbio kwa Naughton, mnasaji mmoja nyuma yao, na wafupi watatu wa kuokota chini. Nafasi ya yule mrefu wa nne ningempa kiungo ambaye kazi yake ni kumkimbilia kila mpigaji wa Bulldogs anayeinua kichwa.