Sindano zetu za uzazi wa mpango zisingoje kura za Ohio, Marekani

Mwaka 2025 shehena ya dawa za uzazi wa mpango yenye thamani ya karibu dola milioni 9.7 ilikwama kwenye ghala mjini Geel, Ubelgiji. Vijiti, sindano, vitanzi na vidonge, vyote vimeshalipiwa na Marekani, na sehemu kubwa ilikuwa ije Afrika, Tanzania ikiwemo. UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, na mashirika mengine yakaomba yapewe, hata kwa kuuziwa. Serikali ya Trump ikakataa, ikataka vichomwe moto. Wala havikuwa vimeisha muda.

Tulimlaani Trump mitandaoni wiki nzima. Sawa, anastahili. Ila huyu si wa kwanza. Mwaka 1984 Rais Reagan wa Marekani aliweka sharti: shirika la nje likitaka fedha za Marekani za uzazi wa mpango, lisitoe mimba wala kushauri kuhusu kutoa mimba, hata kwa pesa zake lenyewe. Clinton akalifuta 1993, Bush akalirudisha 2001, Obama akalifuta 2009, Trump akalirudisha 2017, Biden akalifuta 2021, na Januari 2025 limerudi tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliangalia nchi 26 za Afrika enzi za Bush wakakuta kwamba pale palipotegemea zaidi fedha hizo, utoaji mimba uliongezeka kwa takriban asilimia 40. Sharti la kuzuia mimba zisitolewe!

Fedha zikikatwa, dawa za kuzuia mimba zinapungua. Ukitaka kuelewa, tazama kadi ya mama anayechoma sindano ya miezi mitatu. Nesi ameandika tarehe ya kurudi. Mama anafika siku hiyohiyo, anaambiwa zimeisha, ajaribu duka la dawa. Dukani inauzwa. Na wapo ambao mume hajui kama wanachoma, kadi yenyewe inalala kwa jirani. Huyo atamwomba mume hela ya nini?

Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa, vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya vimesaidia sana. Lakini mimba isiyotarajiwa, kwa mwili ambao haujapumzika, inaanza hatari yake kabla mama hajafika chumba chochote.

Abuja, mwaka 2001, viongozi wetu wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Waliowahi kufika hapo ni wa kuhesabika. Nigeria angalau, misaada ilipokatwa, bunge lake liliongeza dola milioni 200 Februari 2025. Kwa hiyo inawezekana, wakitaka.

Bajeti ya Wizara ya Afya ikisomwa Dodoma, mbunge wako asiishie kuuliza zimetengwa shilingi ngapi za uzazi wa mpango. Aulize za mwaka jana zilitoka ngapi, na ziliifikia Bohari ya Dawa mwezi gani.