Barakoa ilivuliwa, mdomo haukupewa taarifa

Wenzangu sijui korona iliwafunza nini, mimi ilinifunza kubinua mdomo.

Mwanzoni mwa 2020 si mnakumbuka Shirika la Afya Duniani, WHO, walituambia kama huumwi na huuguzi mtu, barakoa ya nini, waachieni wahudumu wa afya maana zinapungua. Nikafurahi, mi mtu wa miwani, nikivaa ile kitu napumua mara mbili tu sioni mbele. Kufika Juni WHO haohao wakasema penye msongamano vaeni, na ya kitambaa iwe ya tabaka tatu. Siwalaumu, kirusi kilikuwa kigeni kwa kila mtu na ilishajulikana hata asiye na dalili anaambukiza. Basi nikavaa.

Kumbe ile kitu ina raha yake bana! Bosi wangu ana ugonjwa wa kuita kikao cha dakika tano kinachomaliza masaa mawili, na kila akisema "kwa kumalizia" ujue ndo anaanza. Sasa mi nyuma ya barakoa nikawa namjibu. Kimya kimya lakini, mdomo tu unacheza. Namuigiza, napiga miayo mpaka taya linalia, akizidi natoa ulimi, huku macho juu yametulia kama niko ibadani, mpaka siku moja akanisifia mbele ya watu eti mimi ndo msikivu kuliko wote.

Zaidi ya mwaka nafanya hivo.

2021 chanjo zimeshakuja, likatoka tangazo ofisini kwamba aliyemaliza dozi zake barakoa ni hiari. Siku ya kwanza nikaenda uso mtupu, nimenyoa, nimejipaka mafuta, naonesha meno kila kona. Kikao kikaanza, dakika ya arobaini hivi bosi akasema "kwa kumalizia" na mdomo wangu ambao haujasoma tangazo lolote ukamfata neno kwa neno, ukabinuka, af ulimi ukatoka wote.

Kimya.

Jirani yangu akanikanyaga chini ya meza, nikajua ni utani, nikamkanyaga na mimi. Nikaona bosi kanikazia macho, nikapeleka mkono nipandishe barakoa puani, nikawa napapasa pua yenyewe. Hapo ndo jasho lilipoanza.

"Endelea tu, uliishia wapi?"

"Samahani bosi, jino linanisumbua."

"Jino ndo linasema kwa kumalizia?"

Watu walicheka we acha tu, kuna mmoja alitoka nje kabisa. Mi nilikaa nasoma meza. Kikao kilipoisha bosi akaniita, akafungua droo, akanipa boksi zima la barakoa, hamsini ndani. "Wenzako hiari. Wewe lazima."

Nikavaa peke yangu ofisi nzima kama mgonjwa. Wapya wakiuliza wanaambiwa ana tatizo la jino.

Hazikupita wiki nyingi delta, ile aina mpya ya kirusi cha korona, ikapamba moto, masharti yakarudi, wote barakoa na bosi pia. Kikao cha kwanza nikanyoosha mkono nitoe ripoti yangu, nasoma zangu taratibu, nikainua macho nikaona barakoa ya bosi inacheza. Inapanda inashuka. Sauti haitoki. Nikasema "kwa kumalizia", ikacheza zaidi.