Kabla Hamjaling'oa Jino

Nimeng'olewa magego mawili mazima, yote ya upande wa kulia, na maumivu hayakupungua hata chembe. Kila niliyemweleza hapa Lamu alinijibu kwa Kiamu chetu: "Ni ino hilo." Nyanya yangu alisema ino, jirani akasema ino, na yule aliyeshika koleo, bila kupiga picha wala kuniuliza maumivu yanakujaje, naye akasema ino. Nikakubali. Mwenye maumivu yale hukubali lolote.

Ni umeme. Unatoka karibu na sikio hadi pembe ya mdomo, sekunde chache tu, pengine dakika moja au mbili, kisha kimya. Halafu unarudi. Na kinachouamsha ni vitu vyepesi: mswaki, kijiko cha uji, ncha ya mtandio, upepo. Sasa fikiria kuogopa upepo ukiwa mtu wa Lamu! Miezi ya kusi sipiti ufukoni, napita Usita wa Mui ambako majumba yamekingana. Kwenye boti ya Mokowe naupa upepo mgongo. Lakini udhu nitaukimbia wapi? Alfajiri moja nilikaa mbele ya ndoo karibu robo saa, kiganja kimejaa maji, nikishindwa kukifikisha usoni.

Maradhi haya yana jina: nyuralgia ya trijemina. Trijemina ni neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyo kubwa ya hisia za uso, na ina matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Mara nyingi mshipa wa damu huwa umeiegemea karibu na shina la ubongo, ukausugua utando wake hadi ukalika, na mguso mdogo ukaanza kupokelewa kama moto. Matawi hayo mawili ya chini ndiyo yanayoyapa meno hisia, kwa hiyo si ajabu watu kudhani ni jino. Huwapata zaidi wanawake na waliopita miaka 50, ingawa vijana nao hawakusalimika. Mara chache chanzo huwa uvimbe au maradhi mengine ya neva, na ndiyo sababu daktari huagiza picha ya MRI.

Naona hata lugha yetu imetuchanganya. Neno "mshipa" tumelibebesha mno: wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, ngiri nayo ni mshipa. Niliposema nina mshipa wa uso, shangazi alikuja kunikanda kwa mafuta ya habasoda. Mkono wake ulikuwa wa huruma, na kila uliponigusa nilipiga ukelele. Ukelele ule ndio ulioleta habari za jini. Kisomo sikipingi, nimesomewa na moyo wangu ukatulia. Ninachopinga ni mgonjwa kukaa miaka mitatu, kama nilivyokaa mimi, bila mtu kumwambia aende pia kwa daktari wa neva.

Dawa za maumivu za dukani hapa hazifui dafu. Iliyonisaidia ni karbamazepini, ile ile wanayopewa wenye kifafa, na hapo nikapata jeraha la pili. Mgeni aliiona paketi, na haikupita wiki, nyumba iliyokuja kumposa binti yangu ikatuma mtu kuuliza kama kwetu kuna kifafa. Kwa aibu nikaacha vidonge ghafla, jambo lisilofaa kabisa, na umeme ukarudi. Leo nasema waziwazi: mwenye kifafa hana la kuonea haya, wala mimi sina. Dawa hii huanzwa kidogo na kuongezwa polepole. Huleta usingizi na kizunguzungu, damu hupimwa, na vipele vikitokea rudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Ikishindwa, upo upasuaji wa kuutenga ule mshipa wa damu na neva.

Kwenu mnaotibu meno, ombi langu ni dogo. Mgonjwa akija ameshika shavu, muulizeni: ni upande mmoja? Hupiga ghafla na kuacha? Huamshwa na maji, upepo au mswaki? Lipigeni picha jino. Likiwa zima, liacheni, mumwandikie barua ya kwenda kwa daktari.

Tangu 2013, tarehe 7 Oktoba ni siku ya kimataifa ya maradhi haya. Mwaka huu nitaketi na wanawake wa mtaani kwangu niwaeleze, maana tayari wawili wamenijia faraghani, wakinionyesha shavu kwa kidole bila kuligusa. Nilijua kabla hawajasema neno.

Na tukikutana kwenye harusi, dada yangu, nipe mkono. Shavu la kulia usilibusu.