Wanafunzi wa Udaktari na Damu Wasiyoitoa

Wanafunzi wa udaktari wamehojiwa kuhusu kuchangia damu katika nchi nyingi, na majibu yao hufanana mno. Wengi wanaunga mkono jambo lenyewe na wanayajua makundi ya damu vizuri, lakini waliowahi kutoa ni wachache, na waliorudi mara ya pili ni wachache zaidi. Kwa Nairobi hali hii inauma zaidi, kwa kuwa madarasa ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi yako pale pale kwenye uwanja wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mwanafunzi anatembea dakika chache tu kutoka ukumbi wa mihadhara hadi wodi ambako jamaa za wagonjwa wanaambiwa watafute watu wa kutoa damu.

Wapo wanaosema elimu haitoshi, iongezwe. Wengine wanasema elimu ipo tele, kinachokosekana ni moyo, kwa hivyo kutoa damu kuwe sharti la masomo au angalau kuwe na alama zake. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini naona wote wanapapita mahali ambapo mchangiaji wa mara ya kwanza hupotelea.

Tuanze na elimu. Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa nne: mama anayevuja damu baada ya kujifungua aongezewe damu gani kabla kundi lake halijajulikana? Atajibu bila kusita: O hasi. Ataeleza pia dalili za mgonjwa aliyeongezewa damu isiyomfaa. Sasa mwulize yeye mwenyewe anaruhusiwa kutoa lini, uone majibu yanavyotawanyika. Kanuni si ngumu: umri wa miaka 16 hadi 65, uzani usiopungua kilo 50, himoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni) isiyopungua gramu 12.5 kwa desilita, mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kinachotolewa ni mililita 450, kwa kama dakika 10. Maji ya damu hurejea ndani ya siku 1 au 2, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma, miligramu 200 hadi 250 hivi, huchukua muda mrefu zaidi. Elimu anayo, ila ni ya upande wa anayepokea. Ya upande wa anayetoa hajafundishwa kwa vitendo.

Tazama linalotokea kwenye meza ya kwanza ya kituo cha kutolea damu. Mhudumu anachoma kidole, anaangusha tone la damu ndani ya maji ya buluu ya kopa salfeti, kisha anahesabu. Tone likizama ndani ya sekunde 15, himoglobini inatosha. Likielea au likikwama katikati, haitoshi. Ni kipimo cha bei nafuu na kinafaa, lakini kiputo cha hewa ndani ya tone huliinua, na maji yasiyobadilishwa baada ya kupima watu wengi hupoteza uzito wake sahihi. Sasa chukua msichana wa miaka 20 mwenye hedhi nzito. Anaambiwa damu yake haitoshi, kisha anaitwa anayefuata. Asipoelekezwa akapimwe himoglobini kamili, asipoelezwa habari za madini ya chuma, asipopewa tarehe ya kurudi, ataondoka akiamini kwamba yeye si mtu wa kutoa damu maisha yake yote. Kumwongezea mihadhara hakutamrudisha.

Woga nao una sababu zake. Sindano ni ya geji 16, nene kuliko ya kutolea damu ya maabara, na wanaozirai zaidi ni vijana, wepesi wa uzani, wanaotoa kwa mara ya kwanza. Hao ndio wanafunzi wenyewe. Nusu lita ya maji muda mfupi kabla ya kutoa, chakula tumboni na kukaza misuli ya mapaja ukiwa kwenye kiti hupunguza hatari hiyo. Anayekimbilia kitanda cha kutolea damu kati ya vipindi viwili bila kunywa chai ana uwezekano mkubwa wa kuanguka, tena mbele ya wenzake. Isitoshe, dawa ya kuzuia kuganda iliyo ndani ya mfuko wa damu imepimiwa mililita 450. Zoezi likikatizwa kabla ya kufikia kama 405, uwiano huharibika na aghalabu mfuko hutupwa.

Hoja ya kulazimisha si ya kudharauliwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mahitaji ya msingi ya nchi hufikiwa iwapo asilimia 1 ya watu watatoa damu. Kwa Wakenya milioni 47.6 wa sensa ya 2019, hizo ni takriban painti 476,000 kwa mwaka. Mzigo huu umebebwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa sekondari, ndiyo maana shule zikifungwa, benki za damu huyumba. Kwa nini basi daktari wa kesho aachiwe hiari?

Aachiwe, kwa sababu usalama wa damu unaanzia kwenye fomu ya maswali. Kila mfuko hupimwa HIV, hepatitisi B, hepatitisi C na kaswende, lakini aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupita kipimo akiwa hana dalili yoyote. Kinachomlinda mgonjwa hapo ni ukweli wa anayetoa. Mwanafunzi anayetafuta alama, au anayejitokeza ili apimwe HIV bure, ana sababu ya kuficha. Na wanafunzi wa udaktari wana hatari zao: aliyejidunga sindano iliyotumika wodini anapaswa kusubiri miezi kadhaa, na dawa za kuzuia maambukizi alizomeza zinaweza kuchelewesha kipimo kugundua virusi. Hata chanjo ya hepatitisi B wanayopewa kabla ya kuingia wodini inaweza kuonekana kwenye kipimo kama ugonjwa kwa wiki 2 au 3. Akitoa wiki hiyo hiyo, damu itatupwa naye atapata habari za kumkosesha usingizi. Heri asubiri wiki 4.

Liko pia suala la kalenda. Kampeni kubwa hungoja Juni 14, Siku ya Wachangiaji Damu Duniani. Chembe nyekundu hukaa siku 35 kwenye jokofu, kwa hivyo painti ya siku hiyo huisha muda wake Julai 19. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 tu. Mgonjwa wa saratani wa mwezi wa Oktoba hasaidiwi na hema la Juni.

Ningependa kuona kipindi kimoja cha hematolojia, somo la damu, kikifundishwa na wahudumu wa kituo cha damu, tone la kopa salfeti likiwa mezani, na darasa likigawanywa makundi manne yanayoitwa kwa miezi tofauti. Darasa la watu 100, hata wakifaa 40 tu na kila mmoja akatoa mara 2, linaleta painti 80 kwa mwaka, na kila moja inaweza kutenganishwa kuwa chembe nyekundu, plazima (yale maji ya damu) na chembe sahani. Aliyezuiwa apewe sababu yake faraghani pamoja na tarehe ya kupimwa upya. Orodha ya wanaoitwa ishikwe na kituo cha damu, isishikwe na kiongozi wa darasa, kwa maana mwanafunzi akihofia kwamba wenzake watahoji kwa nini jina lake limerukwa, atadanganya kwenye fomu.